Bombardier: Mtoto wa mkulima aliyetengeneza pikipiki ya theluji

WATANZANIA wengi walilizoea jina Bombardier Septemba 2016, pale ndege mbili za pangaboi aina ya Q400 zilipotua Dar es Salaam kwa ajili ya Shirika la Ndege Tanzania. Tangu hapo jina hilo likawa kama jina la ndege. Wachache wanajua kuwa awali lilikuwa jina la fundi gereji wa kijijini huko Kanada, mtoto wa mkulima, ambaye hakuwahi kutengeneza ndege hata moja.

Fundi huyo ni Joseph-Armand Bombardier. Alitengeneza magari ya kupita juu ya theluji, na mwishowe pikipiki ya theluji inayojulikana duniani kwa jina la Ski-Doo. Injini hazikuwa zake, alizinunua kwa wengine. Utajiri wake ulitokana na kitu ambacho watu wengi hawakitazami mara mbili: mkanda wa mpira unaozunguka chini ya chombo, mfano wa cheni ya katapila, pamoja na gurudumu la meno linaouzungusha. Ilimchukua karibu miaka kumi kuupata mkanda huo, na katika miaka hiyo alimpoteza mtoto.

Saa mbovu na gari bovu

Armand, kama alivyozoeleka kuitwa, alizaliwa Aprili 16, 1907 katika eneo la Valcourt, jimbo la Quebec, mashariki mwa Kanada. Ni eneo la wakulima na wafugaji wanaozungumza Kifaransa. Baba yake, Alfred Bombardier, alikuwa mkulima na baadaye akawa mwenye duka. Mama yake aliitwa Anna Gravel. Armand alikuwa wa kwanza kuzaliwa katika familia ya watoto wanane.

Huko Quebec baridi huchukua miezi kadhaa na theluji hurundikana hadi barabara ikapotea kabisa. Miaka ile, mwenye gari aliliegesha juu ya magogo kuanzia mwanzo wa baridi mpaka theluji iyeyuke. Usafiri uliobaki ulikuwa farasi na mkokoteni usio na magurudumu, unaoburutwa juu ya theluji. Daktari, posta, mfanyabiashara na mkulima mwenye maziwa ya kuuza, wote walitegemea miguu ya farasi.

Tangu utotoni Armand alipenda kufungua vitu na kuvifunga upya. Alichukua mitambo ya saa mbovu akaitumia kuendesha vigari vya kuchezea alivyotengeneza kwa mikono yake. Wazazi wake walitaka awe padri, hivyo wakampeleka seminari mjini Sherbrooke. Lakini akili yake ilibaki kwenye vyuma.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, baba yake alimpa gari kuukuu aina ya Ford ambalo injini yake ilikuwa imeshindikana. Inasemekana mzee alitaka kijana apate cha kuchezea ili aache kuchokonoa gari zima la familia. Armand aliitengeneza injini ile ikawaka. Kisha akaifunga juu ya fremu yenye miguu ya kutelezea, nyuma akaweka pangaboi la mbao alilolichonga mwenyewe. Desemba 31 mwaka huo, yeye na mdogo wake Léopold waliwasha chombo hicho na kukiendesha kijijini kwa karibu kilometa moja, huku watu wakitoka nje kushangaa mngurumo wake.

Baba yake hakufurahi. Pangaboi lilikuwa linazunguka wazi bila kinga yoyote, na mtu ambaye angelisogelea angekatwa. Aliamuru chombo kivunjwe siku hiyo hiyo. Kijana alitii, lakini alikuwa amekwisha kuona kwamba injini inaweza kusukuma chombo juu ya theluji. Alikuwa amejifunza pia kwamba kitu kinachozunguka kwa kasi kinaweza kuleta faida na hasara kwa pamoja.

Gereji ya Valcourt

Mwaka 1924 Armand alimshawishi baba yake akubali aache seminari. Aliingia gereji katika kijiji cha jirani kama mwanagenzi, halafu akaenda mji mkubwa wa Montreal. Mchana alifanya kazi ya ufundi, jioni alisoma masomo ya makanika na umeme.

Mwaka 1926, akiwa na miaka 19 tu, alirudi Valcourt na kufungua gereji yake. Mtaji ulitoka kwa baba yake kama mkopo, na mkopo huo aliurudisha wote ndani ya miaka michache. Kijana huyo alitengeneza magari, pampu, mashine za mashambani na chochote kilicholetwa mlangoni kwake. Vifaa vingi vya gereji alivitengeneza mwenyewe badala ya kununua. Sifa zake zikaenea kwamba mashine iliyowashinda wengine ipelekwe kwa Bombardier.

Biashara hiyo ilikuwa na kasoro moja. Majira ya joto ilijaa kazi, majira ya baridi magari yalilala na gereji nayo ikalala. Mwingine angekaa kusubiri theluji iyeyuke. Armand aliitumia miezi hiyo kufanya majaribio ya gari la theluji. Fedha ya majaribio ilitoka kwenye kazi za majira ya joto, kwa hiyo jaribio lililoshindwa halikuivunja gereji.

Agosti 1929 alimwoa Yvonne Labrecque. Majaribio yaliendelea kila baridi. Alijaribu magari mepesi ya mtu mmoja au wawili, akajaribu makubwa zaidi. Baadhi yalizama kwenye theluji kwa uzito, mengine yalikatika hapa na pale. Injini zilikuwepo sokoni, na miguu ya kutelezea ya mbele ilikuwa rahisi kuunda. Kilichomsumbua ni namna ya kuipeleka nguvu ya injini kwenye theluji laini bila chombo kuzama wala kujiharibu.

Theluji haitaki gurudumu la kawaida. Gurudumu huichimba na kujifukia. Chombo kinahitaji kukanyaga eneo pana ili uzito usambae, kama mtu anayepita kwenye tope juu ya ubao. Hapo ndipo mkanda unapohitajika. Lakini mkanda wa chuma ni mzito, na theluji ikijipenyeza kati yake na gurudumu hugeuka barafu, kisha mkanda huruka meno au kukatika. Mkanda ukikatika ukiwa kwenye mwendo, huchapa kila kilicho karibu nao. Mwenye mashine ya kusaga nafaka aliyewahi kukatikiwa na mkanda anaelewa kishindo hicho.

Mtoto Yvon

Katika majira ya baridi ya mwaka 1934, mtoto wao wa kiume Yvon, aliyekuwa na umri wa miaka miwili, aliugua ghafla ugonjwa wa kidole tumbo. Alihitaji kufanyiwa upasuaji haraka. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, umbali wa kilometa zipatazo 50. Barabara zote zilikuwa zimefukiwa na theluji na hapakuwa na gari ambalo lingepita.

Ndani ya gereji ya baba wa mtoto huyo kulikuwa na chombo cha theluji ambacho hakijakamilika. Hakikuwa katika hali ya kusafiri. Fundi aliyekuwa akisaka dawa ya tatizo hilo kwa miaka minane alikaa nyumbani bila njia ya kumfikisha mwanawe hospitali, na mtoto akafariki.

Msiba huo haukuzaa wazo la gari la theluji, kwa sababu wazo alikuwa nalo tangu utotoni. Lakini baada ya kumzika mtoto alirudi gerejini kwa bidii kubwa zaidi. Sasa alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba familia za vijijini zilikihitaji chombo hicho kama zinavyohitaji dawa.

Mpira juu ya meno

Mwaka 1935 alilipata alilokuwa akilitafuta. Alitengeneza gurudumu la meno lililovishwa mpira, likizungusha mkanda wa mpira uliotiwa nyuzi za pamba na kuwekewa vyuma vya kukatiza. Mpira ulipinda bila kuvunjika, haukushika barafu kirahisi kama chuma, ulipunguza kelele na kuzuia mkanda na gurudumu kulana. Uzito wa chombo nao ulisambaa vizuri.

Armand hakungoja mtu amwibie. Desemba 1936 aliomba hataza, yaani hati ya serikali inayomzuia mwingine kutengeneza uvumbuzi huo bila ruhusa ya mwenyewe, na mwaka 1937 akaipata. Baadaye gurudumu lile la meno likawa nembo ya kampuni yake. Hadi anafariki alikuwa na hataza zaidi ya 40.

Gari lake la kwanza la kuuza liliitwa B7, kwa kuwa lilibeba watu saba. Mbele lilikuwa na miguu miwili ya kutelezea, nyuma mikanda miwili. Wanunuzi wa kwanza walikuwa madaktari, mapadri, wenye hoteli, wasafirishaji na wafanyabiashara, watu ambao siku moja ya kukwama kwenye theluji iliwagharimu fedha, na mara nyingine iligharimu uhai wa mtu. Armand hakukaa Valcourt kungoja wateja. Aliyaendesha magari yake kwenye miji na vijiji vingine ili watu wayaone yakipita mahali ambapo farasi alishindwa.

Mwaka 1940 alijenga kiwanda hapo hapo Valcourt chenye uwezo wa kutoa magari 200 kwa mwaka. Likaja gari kubwa zaidi, B12, la watu 12, lenye madirisha ya duara kama ya meli. Liligeuzwa gari la wagonjwa, la barua, la abiria na la mizigo. Toleo jingine lilibeba watoto wa shule. Magari ya B12 zaidi ya 2,000 yalitengenezwa. Ndugu zake waliingia katika uendeshaji wa biashara, kila mmoja na idara yake, na Julai 1942 kampuni ikasajiliwa rasmi.

Vita na sheria

Vita vya pili vya dunia vilileta mgawo wa vifaa. Mtu wa kawaida hakuruhusiwa kununua gari la theluji mpaka athibitishe kuwa analihitaji kwa kazi ya lazima. Soko la kiraia likasinyaa. Bombardier aligeukia jeshi la Kanada na kulitengenezea magari ya mikanda kwa ajili ya theluji na tope. Vita ilipokwisha wateja wa kawaida walirudi kwa wingi, na mwaka 1947 mambo yalikuwa mazuri.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1948. Serikali ya Quebec ilipitisha sheria ya kusafisha theluji kwenye barabara kuu na za vijijini wakati wote wa baridi. Kwa wananchi ilikuwa habari njema. Kwa kiwanda cha Valcourt ilikuwa kama mtu aliyejenga mitumbwi akasikia mto umejengewa daraja. Ndani ya mwaka mmoja mauzo yalishuka kwa karibu nusu.

Armand hakuanza kuilaumu serikali wala kuomba barabara zibaki mbovu. Alijiuliza ni nani mwingine duniani mwenye tatizo ambalo mkanda wake unaweza kulitatua. Jibu la kwanza alilipata kwa wakulima. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alibuni mkanda wa kufungwa juu ya magurudumu ya trekta la kawaida ili lisikwame kwenye tope au theluji. Mkulima hakulazimika kununua trekta jipya, alinunua mkanda tu. Bidhaa hiyo iliuzwa Kanada na Marekani.

Jibu la pili lilikuwa kwa wakata miti, wachimba madini na watafuta mafuta, waliofanya kazi kwenye vinamasi visivyopitika. Mwaka 1953 alitoa trekta la mikanda liitwalo Muskeg, jina lenye maana ya kinamasi. Lilibeba mizigo, lilivuta magogo, na mitambo ya aina nyingi iliweza kufungwa juu yake. Trekta hilo liliiokoa kampuni na kuipeleka nje ya Kanada.

Katika miaka hiyo aliepuka sana madeni. Faida aliirudisha kiwandani, na vipuri alivyoweza kujitengenezea hakupenda kuviagiza kwa wengine. Mikanda ya mpira nayo ilianza kutengenezwa na kampuni za familia. Mwanawe Germain ndiye aliyepata njia ya kutengeneza mkanda wa mpira wa kipande kimoja, usio na kiungo. Kiungo ndiko mahali mkanda unapoanzia kukatika, hivyo kukiondoa kulikuwa hatua kubwa.

Kuzaliwa kwa Ski-Doo

Tangu ujana Armand alikuwa na ndoto ya chombo chepesi cha mtu mmoja au wawili. Aliiweka kando kwa sababu injini za wakati ule zilikuwa nzito mno. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 injini ndogo zenye kutegemewa zilikuwa zimepatikana, na mkanda wa Germain ulikuwa tayari. Armand aliviunganisha.

Alitengeneza chombo chenye miguu miwili ya kutelezea mbele na mkanda mmoja mpana chini ya kiti. Injini aliiweka mbele, dereva akakaa nyuma yake juu ya mkanda. Injini ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi saba tu. Mwaka 1959 alimpelekea moja ya vyombo hivyo rafiki yake, padri mmisionari aliyefanya kazi kaskazini mwa jimbo la Ontario, ambako usafiri ulikuwa kwa mbwa wanaokokota. Chombo kilifanya kazi.

Armand alidhani wanunuzi watakuwa wamisionari, wawindaji, wapima ardhi na watu wengine wa porini. Jina lililokusudiwa lilitokana na mbwa, kwa kuwa chombo kilichukua kazi yao, lakini likaishia kuwa Ski-Doo. Kiliuzwa kwa dola 900. Msimu wa kwanza vilitoka vyombo 225. Miaka minne baadaye mauzo yalipita 8,000 kwa msimu, na wengi wa wanunuzi walikitaka kwa matembezi na michezo. Inaelezwa kuwa jambo hilo lilimtia wasiwasi mwenyewe. Aliogopa biashara ya starehe isije ikaifanya kampuni isahau Muskeg na mashine za kazi zilizoilisha wakati wa shida.

Hakupata muda wa kuona mwisho wake. Joseph-Armand Bombardier alifariki dunia Februari 18, 1964 kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na miaka 56. Alizikwa akiwa tajiri, na kiwanda chake kikabaki kijijini kwake.

Tatizo la mkanda bado lipo

Pikipiki za theluji za leo ni nyingine kabisa kwa nguvu. Kampuni inayozitengeneza Ski-Doo sasa, BRP, ambayo makao yake bado yako Valcourt, mwaka 2020 ilitangaza Ski-Doo ya injini ya mizunguko miwili iliyofungwa tabo kiwandani. Tabo ni kifaa kinachotumia nguvu ya moshi unaotoka kwenye injini kusukumia hewa zaidi ndani ya injini hiyo. Hupendwa sana na wanaopanda milima ya magharibi mwa Kanada na Marekani, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi na injini ya kawaida huishiwa nguvu.

Lakini mpangilio wa msingi ni ule ule wa mwaka 1959: injini mbele, mkanda nyuma yake. Maana yake ni kwamba ekzosi, yaani bomba la moshi, hukaa karibu na mahali mkanda unapogeukia kurudi chini. Kwenye chombo chenye tabo mabomba ni mengi zaidi, yana joto kali zaidi na nafasi ni finyu. Mkanda nao huzunguka kwa kasi kubwa, ukirusha vipande vya barafu, mawe na hata pini za chuma ambazo wengine huzipachika ili usiteleze. Bomba lililosogea kidogo tu hupigwa likabonyea, likapasuka au likachomoka kwenye kiungo. Moshi wa moto ukivuja hapo, huunguza mpira wa mkanda na vitu vingine vya jirani. Uharibifu unakwenda pande zote mbili.

Mafundi wa vyombo hivyo hufuata utaratibu ambao hata Armand angeutambua. Kwanza, hupima nafasi kati ya mkanda na ekzosi chombo kikiwa kimebonyezwa hadi mwisho wa springi zake, kwa sababu nafasi inayoonekana gerejini si ile inayobaki chombo kikiruka tuta. Pili, hukaza mkanda kwa kipimo cha mtengenezaji. Mkanda uliolegea hutanuka kwa kasi na kuchapa bati la juu, uliokazwa kupita kiasi hula nguvu na kuharibu beringi. Tatu, huhakikisha mkanda umenyooka katikati. Nne, hawafungi mkanda wenye meno marefu kuliko nafasi iliyopo.

Baada ya hapo ndipo huweka kinga. Hiyo huwa ni bati la chuma au alumini kati ya mkanda na bomba, likiachiwa upenyo wa hewa ili joto lipate pa kutokea. Bati lililogusana na bomba hupata moto na kutikisika mpaka linakatika. Mwenye kufunga pini za chuma huongeza vipande vya kinga chini ya bati la juu ya mkanda. Springi na mipira inayoshikilia ekzosi hukaguliwa kila baada ya safari, kwa kuwa springi moja ikikatika bomba huanza kucheza, na bomba linalocheza haliko mbali na kupigwa. Vitu hivi ni vya bei ndogo ukilinganisha na bei ya tabo.

Kampuni baada ya mwanzilishi

Armand alipofariki, Germain alishika usukani, na mwaka 1966 uongozi ukaenda kwa mkwe wa familia, Laurent Beaudoin. Ski-Doo ilipaisha kampuni hadi mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda duniani na soko la vyombo vya starehe likaporomoka. Watengenezaji wengi wa pikipiki za theluji walifunga milango. Bombardier ilifanya kama mwanzilishi wake alivyofanya mwaka 1948: iliangalia ina ujuzi gani na nani mwingine anauhitaji. Mwaka 1974 ilipata zabuni ya mabehewa ya treni za chini ya ardhi za Montreal. Mwaka 1986 ikanunua kiwanda cha ndege cha Canadair, na mwaka 1992 ikachukua de Havilland, waundaji wa ndege zile za pangaboi zilizokuja kufika Afrika Mashariki.

Kupanuka huko kulikuwa na gharama yake. Mwaka 2003 kampuni iliuza kitengo cha pikipiki za theluji, ndicho hicho kinachoitwa BRP. Madeni yalipozidi kuilemea iliuza mengine, zikiwemo Q400 mwaka 2019 na biashara ya treni mwaka 2021. Sasa imebaki na ndege ndogo za watu binafsi na wafanyabiashara. Mwanzilishi aliyeepuka mikopo hakuyaona hayo.

Gereji ya mwaka 1926 imehifadhiwa Valcourt kama sehemu ya makumbusho yanayobeba jina lake. Ni chumba cha kawaida cha fundi wa kijijini. Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo, humo kuna mambo matatu ya kuzingatia. Fedha ya majaribio itoke kwenye kazi inayolipa, si kwenye deni. Uvumbuzi usajiliwe kabla ya kuonyeshwa sokoni. Na soko likifungwa na sheria au barabara mpya, ujuzi haufungwi nalo. Waliokuwa wakinunua magari ya theluji walitoweka, lakini wenye tope, vinamasi na misitu walikuwepo wakisubiri mtu wa kuwapelekea mkanda.